Stereoskopu ya Urithi: Kuikagua, Kuisafisha, Kuitumia na Kuitunza

Maswali huwa yaleyale. Mtu ameachiwa na wazee wake stereoskopu, yaani kifaa cha kutazamia picha cha mbao chenye lenzi mbili, mpini chini yake na ufito unaobeba waya za kushikia kadi. Pamoja nacho kuna boksi la kadi, kila moja ikiwa na picha mbili zinazofanana. Anauliza: nikipake vanishi? Kadi zimepinda, nizinyooshe? Mbona nikichungulia naona picha mbili badala ya moja? Ni mali ya thamani? Majibu ya mkato: usipake kitu, usinyooshe kadi, sogeza kishikio polepole, na la thamani tutalifikia. Majibu kamili yamo humu.

Kabla ya yote tuelewane jambo moja, maana hatua zote zinalitegemea: stereoskopu ya urithi haihitaji kufanywa mpya. Lenzi zikiwa safi, kishikio kikiteleza na kadi zikiwa nzima, kifaa kimekamilika hata kama mbao zimefifia na mahameli imeliwa na nondo. Weusi ulioota kwenye mpini umetokana na mikono ya watu wako, na ukishausugua haurudi. Kwa hiyo safisha kioo kwa makini na sehemu nyingine ziguse kidogo tu.

Nadharia ni fupi. Macho yetu mawili huona kitu kimoja kutoka pembe mbili zilizotofautiana kidogo, na ubongo huziunganisha ukapata kina. Kadi ina picha mbili zilizopigwa kwa tofauti ya namna hiyo, na lenzi hulipatia kila jicho picha yake. Charles Wheatstone wa Uingereza alilieleza jambo hili mwaka 1838 kwa kifaa cha vioo vya kujitazamia. David Brewster wa Uskoti akaleta boksi lenye lenzi mwaka 1849, na mwaka 1861 Oliver Wendell Holmes, daktari wa Boston, akabuni muundo mwepesi wa kushika mkononi. Holmes hakuchukua hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige ubunifu wake, hivyo aliyetaka alitengeneza. Ndiyo maana vifaa vingi havina jina la mtengenezaji popote. Chako kisipokuwa na jina, hilo peke yake halikifanyi kuwa bandia.

JUA KWANZA ULICHONACHO

Mwongozo huu unahusu zaidi aina ya Holmes, kwa kuwa ndiyo iliyosambaa kuliko zote: kikingio cha uso cha mbao au alumini, lenzi mbili, kizuizi cha kati, ufito, kishikio cha kadi kinachoteleza, na mpini ambao mara nyingi hukunjwa.

Kama chako ni boksi lililozibwa lenye kifuniko kidogo juu cha kuingizia mwanga, hiyo ni aina ya Brewster. Huenda nyuma yake pana kioo chenye ukungu cha kupitishia mwanga, kwa sababu boksi hizo hutazamia pia picha za vioo na zile za karatasi nyembamba zinazomulikwa kutoka nyuma. Kama ni kabati la mezani lenye kitufe cha kuzungusha, ndani mna mnyororo unaobeba picha nyingi. Alexander Beckers wa New York alipata hataza ya muundo wa namna hiyo mwaka 1857. Kitufe kikigoma usikilazimishe. Fungua mlango, angalia kilichokwama. Na kama picha zako ni vipande vidogo vya kioo vya milimita 45 kwa 107, hizo zina kifaa chake na hazitaingia kwenye stereoskopu ya Holmes.

Vipo pia vya kuigiza, vilivyotengenezwa miaka ya karibuni kwa ajili ya mapambo. Dalili zake ni lenzi za plastiki, mbao za kubandikwa tabaka, shaba inayong'aa kupita kiasi, na skrubu zenye alama ya msalaba, ambazo zilienea kuanzia miaka ya 1930. Lakini skrubu moja ya msalaba isikuvunje moyo. Huenda kuna babu aliyewahi kukaza mpini kwa alichokuwa nacho.

MAHITAJI

- Meza safi iliyotandikwa taulo jeupe, ili skrubu ikidondoka uione
- Kipulizio cha mpira cha kupulizia vumbi, kile cha wapiga picha
- Brashi mbili laini: moja ya lenzi, nyingine ya mbao. Zisibadilishane
- Vijiti vya pamba, vingi
- Kitambaa cha kufutia miwani, kilichofuliwa bila dawa ya kulainishia nguo
- Maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi wala madini. Usichukue chupa ya maji ya betri ya gari, maana nyingine zina asidi
- Tone la sabuni ya vyombo isiyo na rangi wala manukato
- Bisibisi bapa inayoingia sawasawa kwenye mfereji wa skrubu
- Tochi, rula, penseli laini na karatasi
- Kipande cha mshumaa mweupe

Vya kuweka mbali na meza: spiriti, dawa ya kufutia vioo vya madirisha, dawa ya kung'arisha samani ya kupuliza, msasa, mafuta ya kupikia na gundi ya supaglu. Kila kimoja kina hatua yake ya kuharibu, tutakutana nazo.

HATUA

1. Piga picha kabla ya kugusa.

Kipige kifaa pande zote, na karibu kabisa kwenye maandishi yoyote: chini ya ufito, mgongoni mwa kikingio, ndani ya mpini. Ukikuta tarehe ya hataza, kumbuka ni tarehe ya wazo kusajiliwa. Kifaa chenyewe huenda kilitengenezwa miaka mingi baadaye, kwani tarehe ileile iliendelea kugongwa mhuri. Pima urefu wa ufito na upana wa kishikio. Andika pia mpangilio wa kadi ulivyo ndani ya boksi kabla hujaupangua. Nyingi zina namba, na namba hizo ni mpangilio wa safari: mtazamaji alitembezwa mji kwa mji bila kutoka kitini.

2. Kagua kwa tochi.

Mulika kwa ubavu, mwanga ulale juu ya uso wa mbao. Tafuta nyufa, viungo vilivyoachia na vitundu vidogo vya bungua. Vitundu vikiwa na unga mpya unaodondoka, wadudu bado wamo: kitie kifaa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kitenge na samani nyingine, umtafute mtaalamu wa kuhifadhi vitu vya kale. Vitundu vikavu visivyotoa unga ni historia tu.

Tikisa polepole karibu na sikio. Kikigonga ndani, lenzi imelegea, nayo tutaishughulikia katika hatua ya 6 kabla ya kitu kingine chochote.

3. Ondoa vumbi kavu.

Anza juu ushuke chini. Tumia brashi ya mbao kwenye ufito na viungo. Mahameli ya kikingio ipigwe brashi kuelekea upande nyuzi zake zinakolala, kwa mkono mwepesi. Ikiwa inamomonyoka, iache, na wakati wa kutazama weka ukanda wa kitambaa cha pamba safi kati yake na uso. Kuing'oa na kubandika mpya ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kwenye vifaa vya urithi, na hakuna anayenufaika nalo isipokuwa muuza vitambaa.

4. Safisha lenzi.

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Lenzi za Holmes ni kipande kimoja cha kioo kila upande, hazina tabaka la gundi ndani, kwa hiyo ukungu mwingi unaouona umekaa juu na unatoka.

Pulizia kwanza kwa kipulizio, pande zote mbili: ule wa macho na ule unaotazama kadi. Usipulizie kwa mdomo, utaacha mate. Pitisha brashi ya lenzi. Ni baada ya vumbi kuisha ndipo unyevu uingie, kwa sababu chembe moja ya mchanga chini ya pamba ni mkwaruzo wa kudumu.

Chovya kijiti cha pamba kwenye maji yaliyokenekwa, kikamue mpaka kiwe na unyevu tu. Anzia katikati ya lenzi, zungusha kijiti huku ukielekea ukingoni, kisha kitupe. Usirudishe pamba iliyochafuka katikati. Chukua kingine. Kaushia kwa kijiti kikavu. Ikiwa kuna mafuta ya vidole yaliyogoma, weka tone moja la sabuni kwenye glasi nzima ya maji, rudia, kisha maliza kwa maji matupu.

Onyo: maji yasitiririke ukingoni. Huko kuna mbao, na pengine gundi ya zamani ambayo huyeyuka kwa maji. Spiriti nayo ni hatari zaidi, maana vifaa vingi vya karne ya 19 vilipakwa shelaki, aina ya vanishi ya zamani, na shelaki huyeyuka kwenye spiriti. Tone likigusa fremu, utabaki na doa ambalo halifichiki.

Ukiona mistari myembamba iliyotawanyika kama mizizi, hiyo ni kuvu. Jaribu usafishaji uleule. Kama mistari inabaki baada ya kioo kuwa safi, kuvu imeshakula kioo chenyewe. Acha hapo. Alama ndogo kwenye lenzi haionekani sana wakati wa kutazama, kinyume na watu wanavyohofia.

5. Mbao na vyuma.

Mbao ikiwa na uchafu wa kunata, pitisha kitambaa chenye unyevu mdogo sana na ukaushe papo hapo. Jaribu kwanza chini ya ufito, mahali pasipoonekana. Shelaki ikikaa na maji hugeuka nyeupe. Dawa za kung'arisha samani huacha tabaka la silikoni linalozuia matengenezo ya baadaye, na mafuta ya kupikia hugeuka nata na kukamata vumbi. Mbao ikikuonekea kavu mno, nta kidogo ya samani isiyo na silikoni inatosha, na hata hiyo si lazima.

Kikingio cha alumini chenye nakshi kifutwe kwa kitambaa kikavu tu. Shaba iliyofifia iachwe ilivyo. Ukiona utando wa kijani pale shaba inapokutana na ngozi au nta, uondoe kwa kijiti cha meno cha mbao. Kutu ya waya za kishikio pia iguswe tu kama inachafua kadi.

6. Sehemu zilizolegea au kukwama.

Mpini unaoyumba mara nyingi unataka skrubu ikazwe robo mzunguko. Kama tundu limepanuka na skrubu inazunguka bila kushika, toa skrubu, ingiza kipande chembamba cha kijiti cha meno ndani ya tundu, rudisha.

Kishikio kisichoteleza usikisukume kwa nguvu, waya zake hukatika. Futa ufito, kisha sugua kipande cha mshumaa chini yake, upande usioonekana. Kama mbao imevimba kwa unyevu, weka kifaa mahali pakavu penye hewa kwa wiki kadhaa kabla ya kuamua kingine.

Kiungo kilichoachia hubandikwa kwa gundi ya ngozi ya wanyama, ile ya maseremala wa zamani, kwa sababu inaweza kufunguliwa tena kwa unyevu wa vuguvugu. Supaglu haifunguki, na mvuke wake huacha utando mweupe kwenye kioo kilicho karibu. Nimeona lenzi nzuri ikifa hivyo wakati fundi alikuwa anabandika kitu kingine kabisa.

Lenzi iliyotoka mahali pake ina siri moja. Haina unene sawa: ukingo mmoja ni mnene, mwingine mwembamba, kwa kuwa lenzi hizi hufanya pia kazi ya mche, yaani hupinda mwanga kwenda upande. Ukingo mnene unakaa nje, upande wa sikio. Ukingo mwembamba unakaa upande wa pua. Ukigeuza, hakuna jicho litakalounganisha picha, na utadhani kifaa kimekufa. Kabla ya kutoa lenzi yoyote andika kwa penseli kwenye mbao ipi ni ya kulia na ipi ni ya kushoto, na uso upi ulitazama nje.

7. Kadi.

Kadi ni dhaifu kuliko kifaa. Ubao wake wa katikati ni karatasi ya bei rahisi yenye asidi, na kadiri miaka inavyopita unakauka na kuvunjika kama biskuti. Osha mikono, ikaushe, shika kadi kwenye kingo. Brashi laini, kutoka katikati kwenda nje, basi. Hakuna maji, hakuna kifutio juu ya picha, hakuna utepe wa kunata mahali palipochanika. Madoa ya kahawia na umanjano yabaki.

Kadi iliyopinda ilitengenezwa hivyo. Mashine za kupindisha kadi zilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1870, na lengo lilikuwa kuongeza hisia ya kina na kuizuia kadi isijikunje ovyo. Ukiiwekea vitabu juu ili inyooke, uso wa picha utapasuka mistari mistari.

Ukiwa na kadi mkononi unaweza kukisia umri wake. Pembe za mraba kwa kawaida ni za kabla ya mwaka 1868 hivi, za mviringo ni za baadaye. Kadi ya Marekani yenye stempu ya kodi mgongoni ni ya kati ya Septemba 1864 na Agosti 1866, kwani ndicho kipindi ambacho kodi hiyo ilitozwa kwenye picha. Kadi bapa ni za zamani kuliko zilizopinda, kwa kawaida. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia ukaona nukta nukta za rangi, si picha ya kemikali bali ni chapa ya mashine, nazo zilienea mwanzoni mwa karne ya 20. Majina ya kampuni utakayokutana nayo sana pembeni ni Underwood & Underwood, Keystone View Company ya Meadville, Pennsylvania, iliyoanza mwaka 1892, na H. C. White. Nyingi za Underwood zina kichwa cha picha mgongoni kwa lugha sita.

Picha ikiwa kwenye bamba linalong'aa kama kioo cha kujitazamia, lililofungwa chini ya kioo kingine, hiyo ni dagerotipu, aina ya picha ya zamani sana. Usiifungue. Usiifute. Uso wake hukwaruzwa hata na pamba.

8. Kutazama.

Keti dirishani au chini ya taa, mwanga utoke nyuma ya bega lako uangukie kadi. Mwanga ukiingia machoni utaona vumbi la lenzi tu.

Weka kadi kwenye waya, maandishi yakisomeka wima, na kama imepinda, upande uliobonyea ukuelekee wewe. Sukuma kishikio hadi mwisho wa ufito. Bonyeza kikingio usoni taratibu, tazama kana kwamba unaangalia mbali nje ya dirisha, kisha vuta kishikio polepole kuja kwako. Mwanzoni utaona picha mbili zinazosogeleana. Usizikodolee. Kwa watu wengi zinakutana kadi ikiwa kati ya sentimita 15 na 20 kutoka kwenye lenzi. Zikishakutana, subiri kidogo: kina hakitokei mara moja, huwa kinafunguka, na mtu wa mbele anajitenga na ukuta wa nyuma.

Asiyeona mbali anaweza kuvua miwani na kuleta kadi karibu zaidi. Asiyeona karibu aisogeze mbali. Mwenye miwani ya kurekebisha jicho lisilo na duara sawa abaki nayo kama kikingio kinaruhusu, ila aweke kitambaa kati ya miwani na lenzi zisikwaruzane.

Kwa mtu wa mara ya kwanza chagua kadi yenye kitu cha karibu kabisa na kitu cha mbali kabisa: mti mbele, mlima nyuma. Kadi ya ukuta mtupu itamkatisha tamaa. Kichwa kikianza kuuma, pumzika.

9. Kuhifadhi.

Kamwe usiache stereoskopu dirishani. Lenzi zake hukusanya jua kama kioo cha kukuzia na zinaweza kuunguza mbao, hata kuwasha moto. Na hata bila moto, mwanga huo hufifisha kadi.

Kifaa kifunikwe kwa kitambaa cha pamba kisicho na rangi, ndani ya boksi, mbali na sakafu, dari na jiko. Usikifunge kwenye plastiki isiyopitisha hewa, unyevu utabaki ndani. Kadi zitolewe kwenye kishikio kila baada ya kutazama, maana waya huacha alama. Zisimamishwe kwa ukingo mrefu ndani ya bahasha za karatasi isiyo na asidi au za plastiki ya poliesta. Zile plastiki laini zenye harufu kali, za PVC, hutoa kemikali zinazonata kwenye picha. Unyevu wa hewa wa asilimia 30 hadi 50 ndio unaozifaa picha. Mahali penye joto na unyevu, vifuko vya kunyonya maji ndani ya boksi husaidia, ilimradi vibadilishwe.

10. Nakala na maelezo ya ukoo.

Skani kila kadi mbele na nyuma, nukta 600 kwa inchi au zaidi. Iliyopinda usiibane kwa kifuniko cha skana. Ipige picha kutoka juu, taa mbili zikiwa pembeni. Kisha chapisha nakala kwa kipimo cha asili, milimita 178 kwa 89 kwa kadi za kawaida, kwenye karatasi ngumu isiyong'aa. Zima kabisa chaguo la printa la kujaza ukurasa, kwa sababu likibadilisha umbali kati ya picha mbili, hazitaungana. Watoto na wageni watazame nakala, zile za asili zipumzike.

Hili pia ndilo jibu kwa ndugu wanaotaka kugawana. Mseto wa kadi ukitawanywa nyumba nne, baada ya kizazi kimoja hakuna anayejua zilikuwa pamoja. Kifaa na kadi vikae kwa mtu mmoja aliyekubalika, kila nyumba ipate nakala kamili.

Sasa kaa na mzee aliyekiona kikitumika. Mwonyeshe kadi moja moja huku simu inarekodi. Ukimwuliza "hiki kilitoka wapi?" utapata sentensi moja. Ukimpa kadi atazame, atakwambia nani alikuwa akiiweka kwenye kishikio, nani alikatazwa kuigusa, na iliyochanika ilichanwa na nani. Andika majina, mahali na miaka kwenye karatasi, iweke ndani ya boksi. Kwenye kadi yenyewe, ikibidi, andika mgongoni ukingoni kwa penseli laini. Kalamu ya wino hupenya.

Na kama unataka kifaa kiendelee kufanya kazi, tengeneza kadi zenu. Mketishe mzee, piga picha kwa simu, sogea kulia sentimita sita au saba bila kugeuza simu, piga tena. Ya kwanza iwe kushoto, ya pili kulia, kila moja isizidi upana wa sentimita 8. Asitikisike kati ya picha mbili, hiyo ndiyo kazi ngumu.

KUHUSU THAMANI

Stereoskopu za mkononi zilitengenezwa kwa wingi mno kwa miongo kadhaa, kwa hiyo kuwa ya kale hakuifanyi kuwa adimu. Mara nyingi kadi ndizo zenye uzito sokoni: tukio lililotajwa, mji uliobadilika, mpiga picha anayejulikana. Ukitaka ikadiriwe, ipeleke kabla ya kusafisha mbao na vyuma. Mkadiriaji yeyote mzuri atakushukuru kwa vumbi.

MATATIZO NA DAWA YAKE

Naona picha mbili, haziungani. Kadi ipo karibu au mbali mno, au imekaa upande mmoja. Isawazishe katikati, rudisha kishikio mwisho wa ufito, anza upya. Ikishindikana kwa kadi zote, angalia kama lenzi ziligeuzwa (hatua ya 6). Angalia pia kama kizuizi cha kati kimepotea. Bila hicho kila jicho huchungulia picha ya mwenzake. Kipande cha kadibodi nyeusi kinachosimama bila gundi kinatosha badala yake.

Picha zimeungana lakini bapa. Pima kwa rula umbali kati ya alama moja na pacha yake upande wa pili, kwa kitu cha mbali, kisha kwa kitu cha karibu. Vipimo vikiwa sawa kila mahali, kadi ni picha moja iliyochapwa mara mbili, hivyo haina kina na haitakuwa nacho. Zilitengenezwa, na kuuzwa pia.

Kilicho nyuma kinatokeza mbele. Rula hiyohiyo. Kwenye kadi sahihi, alama za vitu vya karibu zina umbali mdogo kuliko za vitu vya mbali, kwa tofauti ya milimita chache. Ikiwa kinyume, picha zilibandikwa zikiwa zimebadilishana pande. Usizibandue. Skani, zibadilishe kwenye kompyuta, chapisha nakala.

Upande mmoja una giza. Mara nyingi ni kivuli cha kichwa chako. Geuka.

Picha moja iko juu, nyingine chini kidogo. Kishikio kimelala upande mmoja, au waya moja imepinda. Inyooshe kwa vidole, kadi ikiwa imetolewa. Kama kasoro iko kwenye kadi moja tu, ilibandikwa hivyo kiwandani, nayo huvumilika ukiinamisha kadi kidogo.

Kila mtu nyumbani anaona kina, mimi sioni. Jaribu kufumba jicho moja baada ya jingine: kama jicho moja linaona ukungu, tatizo ni uwezo wa jicho hilo, na miwani huenda ikalimaliza. Lakini wapo watu ambao macho yao hayafanyi kazi pamoja, hasa waliokuwa na makengeza utotoni, na kwao hakuna stereoskopu itakayoonyesha kina. Hao wakabidhiwe skana.

Harufu ya uvundo ndani ya boksi. Toa kila kitu, kadi ziegemezwe wima kivulini penye hewa kwa siku kadhaa, boksi la asili likauke likiwa wazi. Ukiona ukungu wenye manyoya juu ya kadi, usiupige brashi ndani ya nyumba. Vaa barakoa, zitie kadi hizo kwenye bahasha za karatasi peke yake, mbali na nyingine, mpaka zikauke kabisa.